Tahadhari: "Sensa ya temperecha inayoingia Toyota zote"

Wakuu, kwenye magrupu ya spea linazunguka tangazo la aina hii: sensa ya temperecha, orijino, inaingia Toyota zote za zamani, tuma hela upokee kwa basi. Picha ni boksi jipya na kidude cha shaba chenye kichwa cha plastiki. Ukiuliza ina pini ngapi, unajibiwa "fundi wako anaijua, bosi". Ukifika hapo usitume hata mia.

Hakuna sensa moja ya kuingia zote. Kwenye Corolla ya AE100 peke yake, yenye injini ya 5A-FE, vitu vinavyoitwa "sensa ya temperecha" ni vitatu. Chenye waya mmoja ni cha mshale wa dashibodi, basi. Chenye pini mbili, mara nyingi plastiki yake ni ya kijani, ndicho kinachoipa kontrol boksi (kompyuta ya injini) joto la maji ili ijue imwage petroli kiasi gani. Cha tatu ni swichi ya feni, na hiyo haisomi joto, inaunga na kukata umeme tu. Namba kwenye boksi huvitenganisha tangu mwanzo: 83420 ni ya mshale, 89422 ni ya kontrol boksi, 89428 ni swichi ya feni. Gari inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi, halafu unatumiwa picha ya boksi la 83420? Umeuziwa mshale.

Wanaofanya mchezo huu wanategemea mnunuzi asijue gari yake inaumwa nini. Kwa hiyo pima gari kabla ya kutafuta spea.

Mshale umelala kwenye C (baridi) hata baada ya safari: chomoa ule waya mmoja, weka swichi ya ufunguo on bila kupiga stata, kisha ugusishe kwenye chuma cha injini kupitia balbu ndogo ya wati 3.4. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima, tatizo ni sensa, au kuna fundi aliyetoa thamostati (ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto) akaitupa (wapo wengi tu). Usipopanda, hata ununue sensa kumi.

Feni haiwaki: injini ikiwa ya baridi, swichi ya ufunguo on, chomoa soketi ya swichi ya feni. Kwenye Corolla hizi feni inatakiwa iwake ukichomoa, kwa sababu swichi hukata umeme maji yakifika kama nyuzi 93 na kuunga tena yakishuka chini ya 83. Ni kinyume na wengi wanavyodhani. Fundi anaunganisha zile waya, feni inabaki kimya, anahukumu mota imekufa, nawe unanunua mota. Feni ikiwaka baada ya kuchomoa, basi mota, rilei na fyuzi ni vizima, tafuta swichi.

Taa ya injini inawaka: unga TE1 na E1 kwenye boksi la uchunguzi chini ya boneti, swichi on. Taa ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22, sakiti ya sensa ya maji. Sakiti ni pamoja na waya uliokatika na soketi iliyoota kutu, kwa hiyo zikague kwanza. Na sensa inayodanganya kidogo kidogo haiwashi taa kabisa. Inaiambia kontrol boksi injini bado ni ya baridi, petroli inazidi, plagi zinakuwa nyeusi. Hiyo utaikamata kwa mita ya umeme tu.

Weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa pini mbili za sensa. Kwenye nyuzi 20 sensa nzima husoma kati ya 2,000 na 3,000. Dar mchana wa nyuzi 30, tegemea kitu kama 1,400 hadi 2,100. Kisha omba maji ya moto kwenye chupa ya chai, tumbukiza ncha ya shaba tu, pini zisilowe. Namba ishuke taratibu bila kuruka, na maji ya nyuzi 80 yaipeleke kati ya 200 na 400. Usiridhike na kipimo cha baridi peke yake, maana feki nyingine husoma vizuri baridi zikaharibu kwenye moto. Swichi ya feni nayo hupimwa hivyo hivyo, ila maji yawe yanachemka. Walio Nairobi au Mbeya wakumbuke kwao maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, yaani swichi nzima kabisa inaweza kusuasua kukata ndani ya sufuria. Hapo muuzaji hana kosa.

Kuna pia mtumba uliosafishwa kwa brashi ya waya na kutiwa boksi jipya. Boksi lisikupumbaze, maboksi yanachapishwa. Angalia kona za nati: spana huacha alama. Angalia mizizi ya uzi kama ina ukoko mweupe au gundi ya zamani. Washa ya shaba (ile ringi bapa ya kuzuia maji yasivuje) ikiwa na mfereji wa duara, ilishabanwa kwenye injini ya mtu.

Kwa wanaonunua kwa mbali, mwombe muuzaji video moja isiyokatwa: namba ya sensa, mita ikisoma baridi, kisha kwenye maji ya moto. Ni kazi ya dakika tatu. Akikataa, au akileta habari za "tuma nusu kwanza", mwache. Ikishafika, ipime tena kabla ya kuifunga, kwa sababu spana ikishagusa nati atasema umeiharibu mwenyewe. Na ile ya waya mmoja usiizungushie tepu nyingi ya uzi: inapata ethi kupitia uzi wenyewe, ukiufunika mshale hautapanda, na utamgombeza muuzaji bure.