Uzoefu wangu na vijiti vitatu vya kuchimbia Bitcoin, Malindi, 2013

Mwezi wa Septemba 2013 nilinunua vijiti vitatu vya USB vya kuchimbia Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, kila kimoja kwa shilingi 3,000, kutoka kwa jamaa mmoja aliyekuwa akiagiza vifaa vya kompyuta ng'ambo. Nilivitumia nyumbani kwetu Shela, hapa Malindi, hadi Januari iliyofuata. Kwa kuwa vijana bado huniuliza kama vifaa vya namna hiyo vinafaa kununuliwa, maana siku hizi hupatikana kwa bei ya kutupa, nimeona niyaandike niliyoyaona.

Kwa umbo, kijiti kilitoshana na flashi ya kuhifadhia faili, ila mgongoni kilibeba bati la alumini la kupoozea joto. Ndani mlikuwa na chipu moja isiyojua kazi nyingine yoyote isipokuwa kukokotoa hashi za SHA-256, yaani zile hesabu ambazo uchimbaji wa Bitcoin huzitegemea, takriban milioni 333 kwa sekunde, kwa umeme wa wati 2.5 tu. Aliyewahi kuchimba kwa kadi ya michoro ataelewa kwa nini nilifurahi, kwa sababu kadi kama Radeon HD 5770 ilitoa hashi zipatazo milioni 200 kwa sekunde huku ikila wati mia hivi, na kelele juu yake.

Kuvifunga hakukuwa kazi ngumu, lakini kulihitaji kitu ambacho muuzaji hakukitaja. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa wati 2.5 na hapo ndipo mwisho wake, kwa hiyo vijiti vitatu kwenye kompyuta mpakato vilikuwa vikizimika kimoja baada ya kingine. Nikanunua habu, kifaa cha kuongeza matundu ya USB, yenye umeme wake. Ya kwanza, ya bei rahisi, ilianza kunuka plastiki siku ya nne nikaitupa. Ya pili imedumu mpaka leo. Programu niliyotumia ni cgminer, iliyoandikwa na Con Kolivas, ambaye kwa kazi yake ni daktari wa nusukaputi huko Australia, na sina lawama nayo hata moja. Bando la intaneti halikuguswa kwa kiasi cha kutisha, kwa kuwa kinachosafiri ni ujumbe mfupi mfupi tu, hivyo modemu yangu ya kawaida ilitosha.

Neno "kuchimba" huwapotosha wengi. Mashine hubahatisha namba, na anayeipata inayokubalika kabla ya wenzake ndiye anayeifunga bloku, yaani fungu jipya la miamala, na kulipwa. Wakati ule malipo yalikuwa Bitcoin 25 kwa kila bloku, na bloku moja hupatikana kila baada ya dakika 10 hivi. Vijiti vyangu vitatu kwa pamoja vilibahatisha mara bilioni moja kwa sekunde, na bado, kwa hesabu ya mwezi ule, ningekuwa peke yangu ningengoja takriban miaka 15 kupata bloku moja. Ndiyo maana nilijiunga na kundi la wachimbaji. Mtu wa pwani haelezwi sana jambo hili: wavuta juya huvuta pamoja, na samaki wakipatikana kila mmoja huondoka na fungu lake kwa kadiri ya kazi yake, hata kama upande wake wa kamba haukuwa na samaki.

Shida yangu kubwa ilikuwa joto. Bati la kijiti liliunguza kidole, na chumba kikipata joto cgminer ilionyesha makosa ya chipu yakipanda, maana yake umeme unaliwa na hesabu hazikubaliki. Nikachukua feni ya mezani, ambayo kwetu ilikuwa moja, nikaielekeza kwenye habu usiku kucha. Usiku wa tatu mama akasimama mlangoni akiwa na upepeo wa ukili mkononi. "Mwanangu, hiyo feni inampepea nani?" Nikamjibu, "Mashine, mama." Akatazama zile taa tatu ndogo za kijani zikimemeteka, akasema mashine haina damu, akaenda zake. Kaskazi ilipoanza na joto lake, sikuwa na uso wa kumtazama.

Kuhusu umeme, kosa lilikuwa langu. Vijiti vilitumia wati 7.5, yaani yuniti kama 5 na nusu kwa mwezi, lakini kompyuta mpakato iliyoviendesha ilikula wati 40 hivi, na tokeni zilikuwa zikiisha kwa sababu yake na ya feni. Ningenunua Raspberry Pi, kompyuta ndogo isiyokula umeme mwingi, mapema, sehemu kubwa ya gharama hiyo isingekuwapo. Umeme ulipokatika na kurudi, programu haikuamka yenyewe mpaka nilipoiwekea amri ya kuanza pamoja na kompyuta; kabla ya hapo nilipoteza usiku mzima mara tatu au nne.

Sasa nije kwenye mapato. Siku za mwanzo nilipata takriban Bitcoin 0.004 kwa siku. Mtandao wa Bitcoin hupima upya ugumu wa kazi kila baada ya bloku 2,016, yaani kama wiki mbili, na mwaka ule mashine zenye chipu za kuchimba zilimiminika kiasi kwamba kipimo hicho kilipanda kutoka takriban milioni 3 mwezi wa Januari hadi zaidi ya bilioni 1 kabla ya mwaka kwisha. Vijiti havikuharibika wala kupunguza kasi, lakini mwishoni mwa Desemba havikufikisha hata 0.0005 kwa siku. Jumla ya yote niliyopata ni takriban Bitcoin 0.17.

Bei ilikuwa imevuka dola 1,000 mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo kwenye karatasi nilionekana nimefaidika, na rafiki zangu walinipongeza. Niliona aibu kuwaonyesha hesabu ya pili: zile shilingi 9,000 za vijiti, kama Septemba ningezinunulia Bitcoin yenyewe, ambayo ilikuwa ikicheza kwenye dola 130, ningekuwa na karibu 0.8. Faida yangu ilitoka kwenye bei, si kwenye kuchimba.

Kwa hiyo anayeniuliza humjibu kwamba kama kifaa cha kujifunzia sijakiona cha kukishinda kwa pesa ile, kwani nilielewa kwa mikono jambo ambalo wengine walilisoma tu, lakini kama chombo cha riziki hakikufaa hata kilipokuwa kipya. Vijiti viwili viko kwenye kopo la biskuti. Cha tatu meno yake yameota kutu ya kijani kwa hewa ya bahari, na habu sasa inachajia simu za nyumba nzima. Feni niliirudisha chumbani kwa mama wiki ya kwanza ya Januari. Aliipokea, akaifuta vumbi, akaniambia nayo ilihitaji kupumzika.