Utandike nini kwenye banda la kuku Moshi kabla ya masika

Hapa Moshi masika huanza Machi na kwenda hadi Mei. Kinyesi kikichanganyika na maji kwenye joto, vimelea vya kuharisha damu hukomaa ndani ya siku mbili hivi, halafu unakuta vifaranga wamejikunyata pembeni, mabawa yameshuka. Ndiyo maana nimepanga vitu hivi kwa kigezo kimoja: kipi kinakaa kikavu. Bei ije baadaye.

Sakafu kwanza. Zege inaongoza: panya hawachimbi, na unaisugua vizuri kundi likitoka. Mwambie fundi aipe mteremko kidogo kuelekea mlangoni. Kama hela haijatosha, moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa inafaa kabisa mradi iwe juu kuliko uwanja, maji ya nje yasiingie. Sakafu ya wavu siishauri kwa kuku wazito, inawatoa vidonda vya nyayo.

Sasa matandiko.

Namba moja ni maranda. Yananyonya unyevu, yanageuzika kwa reki, na kuku wanapenda kuyaparua, kwa hiyo wanakusaidia kazi. Chukua yale yaliyojikunja yanayotoka kwenye mashine ya randa. Misonobari iko mingi kwenye karakana zetu, na maranda yake ni mazuri. Ila kabla hujafunga gunia, muulize seremala: mbao hizi zilipigwa dawa? Mwaka mmoja sikuuliza. Nilibeba magunia matatu kutoka karakana moja, nikatandika, jioni banda linanuka dawa ya mchwa. Nilizoa yote usiku kwa tochi huku vifaranga wakiwa kwenye boksi jikoni. Tangu siku hiyo nainusa kila gunia, na muuzaji akikasirika naondoka.

Namba mbili ni maganda ya mpunga, yale magumu ya nje, si pumba laini ya kulishia. Sisi tuna bahati, mashine za kukoboa za Mabogini na Chekereni haziko mbali. Ni mepesi, hayaozi haraka na maji yanapita. Tatizo ni hilohilo, yanapitisha kuliko yanavyonyonya. Mimi huchanganya nusu kwa nusu na maranda, na mchanganyiko huo naupenda kuliko kitu kingine chochote. Vifaranga wa wiki ya kwanza wape maranda matupu, maana maganda watayadonoa wakidhani ni chakula.

Namba tatu, nyasi kavu na majani makavu ya migomba. Ni ya bure kwa mwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani. Yakatekate, la sivyo yanashikana kama mkeka na ukungu unaota chini yake, nao ukungu huo huharibu mapafu ya kuku. Na tafadhali usifagie majani ya mparachichi ukayaingiza bandani. Yana sumu kwa ndege.

Unga wa mbao uko mwisho. Vumbi lake linawakohoza, na vifaranga wanaula.

Uwanja usio na paa ni habari nyingine, huko maranda yanageuka uji kwa mvua moja. Weka mchanga wa mto wenye chembe kubwa, ule wa kuchanganyia zege, sentimita 10 hadi 15, na uchimbe mfereji upande wa juu. Kinyesi unakizoa kwa reki.

Ndani, tandika sentimita 5 kwa vifaranga na 10 kwa wakubwa. Kupima unyevu, fumbata matandiko mkononi kisha ufungue. Yakiachana taratibu ni sawa. Yakibaki donge, yamelowa: toa sehemu ile, hasa chini ya vinyweshea, weka makavu. Ukiinama usawa wa kuku na macho yakawasha, usisubiri kesho, amonia, ile hewa kali ya kinyesi, imeshawaumiza wao kabla yako.

Banda la mita 3 kwa 4 kwa kina cha sentimita 10 linataka mita za ujazo 1.2, yaani magunia makubwa kama 8 hadi 10. Nunua Februari, wakati maranda bado makavu, uyapange juu ya mbao chini ya paa lisilovuja. Aprili hata seremala mwenyewe anakuuzia yaliyonyeshewa.