Ringmaster: ndege ya nyaya ya kununua kwa kikundi

Kwa anayeanza Kampala, ndege ya mfano ya nyaya (ndege ndogo yenye injini inayomzunguka mrushaji, naye huiongoza kwa nyaya mbili zilizofungwa kwenye mpini) tunayoipendekeza ni Ringmaster, ila asiinunue peke yake. Matt Kania aliibuni kwa ajili ya kampuni ya Sterling ya Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1950, na umbo lake halijachuja. Bawa lina sentimita 107 kutoka ncha hadi ncha, mwili ni ubao bapa wa balsa (mti mwepesi sana), flapu, yaani vibawa vya ukingo wa nyuma wa bawa, haina. Injini, nyaya na mpini hununuliwa kando. Injini ya inchi za ujazo 0.35, yaani takriban sentimita za ujazo 5.7, inaitosha kabisa ikiwa na propela ya 10×6 (kipenyo inchi 10, hatua ya mzunguko mmoja inchi 6).

Udhaifu wake ni pua. Ubao bapa hutikisika, mtikisiko hutia povu kwenye tangi, na injini inayonyonya povu huishiwa nguvu ndege ikiwa juu ya kichwa chako. Kwa hiyo bandika plaiwudi pande zote mbili za pua kwa gundi ya epoksi, ipite ukingo wa mbele wa bawa, kisha weka sponji kati ya tangi na mwili. Injini ikikimbia zaidi ndege ikiruka kawaida kuliko ikiruka chali, inua tangi kwa milimita moja na nusu. Kinyume chake, lishushe.

Elevata, kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, ndiyo roho ya ndege hii. Kabla ya kufunga nyaya, ielekeze pua juu, kisha chini: elevata inapaswa kuanguka yenyewe kwa uzito wake. Ikikwama hata kidogo, tafuta bawaba iliyomezwa na gundi. Ncha ya bawa la nje, lile lililo mbali na mrushaji, iwe na gramu 28 hivi za madini ya risasi za kusawazisha uzito wa nyaya, la sivyo nyaya hulegea juu na ndege haikusikii tena.

Tumia nyaya za chuma za kusokotwa, unene milimita 0.38, urefu mita 18. Kila siku ya kuruka, zivute kwa mara kumi ya uzito wa ndege: ndege ya gramu 900, kilo 9. Kitanzi cha mkononi, kinachofunga mpini kwenye kifundo cha mkono, hakina mjadala.

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo sindano ya kupimia mafuta ya injini iliyosetiwa pwani huleta mafuta mengi mno hapa. Ifunge mibofyo michache, ila iache injini ikohoe kidogo ndege ikienda usawa. Ikipanda, sauti itakaza yenyewe. Mafuta ni methanoli yenye angalau asilimia 20 ya mafuta ya nyonyo. Yawekee chupa isiyofanana kabisa na ya waragi, pombe kali ya hapa, kwa sababu methanoli inapofusha na kuua, na mwali wake hauonekani juani.

Uwanja wa mpira wa shule unatosha, mradi nyaya za umeme ziwe mbali sana. Ngurumo ikisikika upande wa ziwa, teremsha. Kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, wakitua ndani ya duara, subiri.

Na sasa sababu ya kununua kwa kikundi: kwa kawaida ndege hii haipai bila mtu wa pili. Mmoja anashika mpini, mwingine anashikilia mkia mpaka apewe ishara. Mgeni anasimama katikati na mwalimu wake, mikono miwili juu ya mpini mmoja, wakizunguka pamoja mpaka kizunguzungu kimwishe. Waliobaki nje ya duara wanahesabu mizunguko, na anayeshuka anakuta tangi la mwenzake limeshajazwa. Kila Oktoba warushaji wa nchi mbalimbali huzirusha Ringmaster zao na kuhesabu miruko kwa pamoja. Duara la Kampala linaweza kuingia humo likiwa na ndege moja tu.

Watu wanne, seti mbili za Ringmaster na injini zake, injini moja ya akiba na propela sita: anzeni hivyo. Propela ndizo zitakazoisha kwanza.