Kupoza injini ya boti: maji ya ziwa au kulanti?
Ukifunga injini ya dizeli ndani ya boti hapa Kigoma, amua mapema itapozwaje.

Njia ya kwanza huvuta maji ya Ziwa Tanganyika, huyapitisha ndani ya bloku (mwili wa injini) na kuyatupa nje. Vifaa ni vichache, bei ni nafuu. Baharini, kama Dar es Salaam, chumvi huila bloku polepole. Ziwa letu ni la maji baridi, yaani si ya chumvi kama ya bahari, kwa hiyo hoja hiyo hapa haina nguvu. Kinachonitisha ni mchanga: boti ikisogea ufukweni Ujiji, pampu huunyonya, ukatuama kwenye njia za maji usizoweza kuziona.

Njia ya pili ina kulanti, yaani kimiminika cha kupozea, inayozunguka ndani ya injini. Maji ya ziwa huishia kwenye kipozeo, kifaa ambamo huipoza kulanti bila kuchanganyika nayo. Ni ghali zaidi, ila uchafu hukomea mahali unapoweza kufungua na kusafisha. Kwa safari ndefu ningechagua hii.

Zote mbili hutegemea impela ya mpira, kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji ndani ya pampu. Injini ikichemka, tazama maji yanayotoka kwenye ekzosi. Yakiwa haba, zima, safisha chujio, kisha fungua pampu. Ubawa wa impela ukikatika, tafuta kipande chake mpaka ukipate. Kikibaki kwenye bomba, impela mpya haitasaidia.