Kumpa mteja kanzidata yako bila kumnunulisha programu: ipi ushike kwanza?

Tuseme una duka la jumla la spea Mlandege, Unguja, na wateja wako wakubwa wako Chake, Wete na Mkoani, Pemba. Tangu asubuhi simu inalia: "Breki pedi za Noah zipo? Bei gani?" Orodha yote unayo kwenye kompyuta, kwenye kanzidata (database), yaani hifadhi ya taarifa zilizopangwa. Unachotaka ni mteja aitafute mwenyewe, asiweze kuichezea, na asitoe hata shilingi kwa ajili ya programu ya kuifungulia.

Programu za namna hiyo zipo, ila huo ubure wake si wa aina moja. Kuna za bure kwa mteja huku mwenye duka akilipa, kuna za bure kwenu nyote wawili, na kuna za bure mpaka ufike kikomo fulani. Kabla hujatoa pesa jibu suali moja tu: wateja wako wanatumia simu au kompyuta? Nimezipanga hapa nikimfikiria mfanyabiashara wa kawaida wa visiwani, asiye na fundi wa kompyuta wa kuajiri.

Ya kwanza: Google Sheets

Wataalamu watasema hii ni jedwali, si kanzidata, na wana haki. Lakini mteja mwenye simu ya Android anafungua kiungo tu, na bei uliyobadilisha sasa hivi anaiona sasa hivi. Faili moja linabeba seli (visanduku vya jedwali) milioni 10. Bidhaa 5,000 zenye safu wima 10 ni seli 50,000, kwa hiyo nafasi hutaimaliza.

Hatari iko kwenye bei ya kununulia. Wengi huificha safu ile wakadhani wamemaliza kazi. Mtu akiruhusiwa kunakili faili, kwenye nakala yake anafichua kila kilichofichwa. Tengeneza faili la pili la wateja, livute safu unazotaka waone tu kwa fomula ya IMPORTRANGE, na lile la asili libaki kwako peke yako. Kisha kwenye mipangilio ya kushiriki zima ruhusa ya watazamaji kupakua, kuchapisha na kunakili. Bei za jumla usizitoe kwa kiungo kinachofunguka kwa kila mtu, kitasambaa WhatsApp mpaka kwa jirani yako wa duka. Mpe ruhusa mteja mmoja mmoja kwa anwani yake ya Gmail.

Ubaya wake unajulikana: bando likikata au mtandao ukilala, mteja amebaki na simu tupu.

Ya pili: Microsoft Access pamoja na Access Runtime

Kama wateja wako wana kompyuta za Windows kaunta, kama baadhi ya maduka ya dawa yalivyo, hii naipandisha iwe ya kwanza. Access ni programu ya Microsoft ya kutengeneza kanzidata, na wewe unalipia moja ya kutengenezea. Mteja anapakua Runtime, ile ya kufungulia tu, bure kutoka Microsoft, anafungua faili lako, anaona fomu ya kutafutia, vitufe na ripoti, na sehemu ya kubadilisha muundo haioni. Intaneti haihitaji. Faili unaweza kulitia kwenye flashi likaenda na mzigo kwenye boti.

Angalia unachonunua. Ile Office ya kulipa mara moja iitwayo Home & Business haina Access ndani. Ipo kwenye Microsoft 365 Personal na Business Standard, kwa Windows tu, au unainunua peke yake. Kama mteja ana Office tayari, Runtime lazima ifuatane nayo, ya biti 32 kwa 32 au 64 kwa 64. Vyenginevyo itagoma, na atakayepigiwa simu ni wewe.

Gawa kazi mafaili mawili, la fomu na la data. Bei zikibadilika unatuma la data peke yake. Waambie wateja wote waliweke kwenye folda yenye jina lile lile, maana faili la fomu lisipoliona la data pale linapolitafuta, ndani ya Runtime hakuna pa kuyaunganisha upya.

Kuhusu usiri usidanganyike. Faili lenye jina linaloishia na accdr linafunguka kama kwenye Runtime, lakini mwenye Access kamili akilibadilisha jina liishie na accdb, lile la kawaida la Access, anaingia kila mahali. Faili la accde linafunga muundo wa fomu na msimbo (maagizo ya programu), ila majedwali yanabaki wazi. Basi bei ya kununulia isiingie humo kabisa. Na daftari la madeni la wateja wengine ndiyo usilikaribishe: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa mwaka 2022. Kikomo cha faili ni gigabaiti 2, kwa hiyo picha za bidhaa usizibandike ndani.

Ya tatu: SQLite na DB Browser

SQLite ni aina ya kanzidata, na DB Browser ndiyo programu ya kuifungulia. Ni bure pande zote mbili, na inakwenda Windows, Mac na Linux. Kanzidata nzima ni faili moja jepesi. Tatizo ni kwamba mteja anakutana na majedwali makavu, bila fomu wala kitufe. Inamfaa mteja anayejua anachofanya, kwa mfano hoteli yenye mtu wake wa kompyuta anayetaka kuingiza bei zako kwenye mfumo wao. Fundi wa gereji ataifunga na kukupigia simu kama zamani.

Ya nne: LibreOffice Base

Nayo haina gharama, lakini mteja lazima asakinishe LibreOffice, na mara nyingi Java, programu saidizi, juu yake. Haina Runtime, kwa hiyo anayefungua anaweza pia kuvuruga. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, faili lenye data ndani yake linaweza kuharibika. Kwa huku kwetu sababu hiyo peke yake inatosha kuirudisha nyuma.

Ya mwisho: FileMaker na FileMaker Go

FileMaker ndiyo unayotengenezea wewe, FileMaker Go ndiyo anayofungulia mteja, na ni nzuri kwa macho kuliko zote. FileMaker Go ni bure kwenye iPhone na iPad, ila kwa Android haipo kabisa. Faili likiwa ndani ya kifaa mteja halipi, lakini likikaa kwenye seva (kompyuta inayowahudumia wengi kwa mtandao), leseni za wanaoingia zinakuangukia wewe. Wenye wateja wa iPad watupu waiangalie. Wengine wapite.

Ukiamua Access na ukamlipa fundi akutengenezee, usimalize malipo mpaka akukabidhi faili la asili la accdb. Wengine huacha accde peke yake, na hilo hakuna fundi mwengine atakayeweza kukuongezea hata kitufe kimoja.