Mashi ya hikori: fimbo ya Dorothy Campbell katika nakala mpya

Kwa kutundika ukutani, nakala yoyote ya mashi, fimbo ya gofu ya zamani yenye kichwa cha chuma na mpini wa hikori (mti mgumu), itafaa. Kwa anayetaka kuelewa mchezaji gofu Dorothy Campbell alivyoshinda, inafaa moja tu: ile yenye shingo iliyopinda kama ya bata bukini. Ya kwake aliipa jina Thomas.

Campbell alizaliwa mwaka 1883 North Berwick, Scotland, penye viwanja vya pwani vyenye ardhi ngumu na upepo usiokoma. Mpira wa juu huko hupeperuka. Wa chini hufika. Mwaka 1909 alitwaa ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Uingereza na wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuubeba wote ndani ya mwaka mmoja.

Kazi ya shingo hiyo ni kuuacha uso wa fimbo nyuma kidogo ya mpini, hivyo mikono inautangulia mpira bila kulazimishwa. Mwinamo wa uso unakaribia wa fimbo ya kisasa iitwayo chuma namba 5: mpira unaruka kidogo, unatua mwanzoni mwa grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), kisha unabingirika hadi shimoni. Kwa mkwaju huu nakala iliyotengenezwa vizuri ni tamu kweli. Ukipiga kwa nguvu, mambo yanaharibika: hikori hujisokota kuliko chuma, uso unachelewa kufunga, na mpira wa anayetumia mkono wa kulia unakwenda kulia. Punguza kasi.

Kabla ya kulipa, tazama nyuzi za mti. Ziende sambamba na mpini kutoka mshikio hadi kichwa. Zikikatiza ubavuni, mpini utavunjikia hapohapo. Kisha shika kichwa, uzungushe mpini kidogo. Ukisikia hata mlio mdogo, gundi au pini imelegea.

Usiiache ndani ya gari juani. Mti hukauka, husinyaa, kichwa kinacheza. Wengine hukiloweka majini: mti unavimba, kinakaza siku moja, kisha kinalegea zaidi na pini inaota kutu. Dawa ni kukitoa na kugundisha upya. Mpini upake matone machache ya mafuta ya mbegu za kitani, uache hadi asubuhi, ufute. Kichwa hakina kromu, kwa hiyo kikaushe kila baada ya mchezo. Epuka mipira migumu ya mazoezi, na mikeka iliyotandikwa juu ya zege: mshtuko wote unaishia kwenye mpini.

Mwaka 1926 Campbell alicheza mashimo 18 akitumia putti 19 tu, yaani mikwaju ya kubingirisha mpira shimoni ukiwa kwenye grini. Hesabu hiyo haiwezekani bila mikwaju ya kusogeza mpira karibu kabisa na shimo. Mwenye pesa ya fimbo moja ya hikori aanze na hii. Ile ndefu ya kupigia mbali isubiri.