Basi la Watalii Berlin: Nyota Moja, Labda Mbili

Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu sina nia ya kuitangaza hata kwa ubaya. Ina basi dogo, mwongoza watalii mwenye kipaza sauti, na karatasi ya matangazo inayoahidi kwamba mgeni ataijua Berlin yote kwa siku moja. Nami siku moja ndiyo niliyokuwa nayo: semina ilikuwa imekwisha, ndege ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa ya kesho yake, na mtu mwenye siku moja hana subira ya kusoma ramani. Hiyo ilikuwa mwaka jana, kiangazi chao kikielekea ukingoni.

Asubuhi ilikwenda vizuri, nakiri. Tulipiga picha kwenye lango la Brandenburg, tukapita kimya kati ya yale matofali makubwa ya zege 2,711 yaliyowekwa kuwakumbuka Wayahudi waliouawa, na jengo la Bunge tukaliona kupitia kioo cha dirisha, ingawa kupanda hadi kwenye kuba lake ni bure kwa yeyote aliyejiandikisha mapema. Basi la kawaida la mjini, namba 100, linapita karibu sehemu hizo hizo kwa nauli ya kila siku. Laiti ningelijua hilo kabla ya kufungua pochi.

Lakini mimi nilikuwa nikingoja mtaa mmoja tu, Wilhelmstraße. Kila aliyesoma historia shuleni kwetu ameukariri Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ambapo mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani na Milki ya Uthmaniya, yalikaa katika jumba la Bismarck na kuwekeana kanuni za kujinyakulia Afrika, pasipo Mwafrika hata mmoja mezani. Jumba halipo tena. Zimebaki ghorofa za makazi na bango la kumbukumbu kando ya njia, kwenye namba 92. Basi lilipopunguza mwendo nikanyoosha mkono, nikaomba kwa adabu dakika mbili za kushuka na kulisoma. Mwongozaji hakukiondoa hata kipaza sauti mdomoni, kwa hiyo jibu lake lilisikika hadi kiti cha nyuma: «Hii ni ziara ya Berlin, si ya Afrika. Na muda hatuna.» Watu wawili watatu wakacheka.

Ningeweza kuyameza maneno hayo, kwa kuwa nimekwisha kujibiwa vibaya zaidi katika ofisi za nyumbani, lakini muda ambao hatukuwa nao ulipatikana baada ya dakika chache tu. Tulisimamishwa Checkpoint Charlie, kilichokuwa kituo cha kuvukia Ukuta wa Berlin, mahali penye kibanda cha kuigiza, kwa sababu cha asili kiliondolewa zamani, na tukapewa dakika 40 nzima kuzunguka dukani kati ya sumaku za friji na vipande vya zege vilivyopakwa rangi, vinavyosemekana kuwa vya Ukuta. Sitaki kumsingizia mtu kamisheni. Nasema tu kwamba mwongozaji na mwenye duka walisalimiana kama mtu na shemeji yake. Dakika 40 za sumaku, na dakika mbili za historia yangu, ambayo ni historia yao pia, hazipo!

Nikamwambia dereva kwamba siendelei. Huyu bwana hakuwa amesema neno tangu asubuhi, wala Kiingereza chake hakikuwa kingi, lakini alishuka, akanishika bega na kunionyesha herufi U ya buluu ya kituo cha treni za chini ya ardhi, Kochstraße. Njia ni ile ya U6. Baada ya vituo vitano nilishuka Naturkundemuseum, kituo cha makumbusho ya historia ya asili, na dakika chache baadaye nilikuwa nimesimama chini ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria yenye kimo cha mita 13.27.

Mama yangu ni mtu wa Lindi. Tangu utotoni nilikuwa nikisikia habari za mjusi huyo kama mtu anavyosikia habari za mjomba aliyehamia ng'ambo. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, muda mfupi baada ya vita vya Maji Maji kuzimwa kwa damu na njaa, na wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa za miguu hadi bandarini Lindi, huku msimamizi wa uchimbaji akiwa Boheti bin Amrani. Nilikaa pale hadi mlinzi akaanza kunitupia jicho. Jioni nikarudi U6, nikateremka Afrikanische Straße, nikatembea hadi kwenye barabara iliyokuwa na jina la Peters, yule Carl Peters wa mikataba ya ulaghai kule Usagara. Tangu 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilipiga picha kibao cha mtaa mara nne, mkono ukinitetemeka.

Sasa hapo ndipo hukumu yangu inapovurugika. Mwongozaji yule angenijibu kwa heshima, ningebaki kitini hadi saa kumi na moja na kurudi nyumbani na picha za lango. Je, ufidhuli wake haukunipa siku bora kuliko ile niliyoilipia? Kwa hoja hiyo nilikuwa tayari kuwapa nyota mbili, hata tatu kwa kumfikiria dereva. Kisha nakumbuka kile kicheko cha ndani ya basi, nami nazifuta. Nyota moja, nayo apewe dereva.

Nimewaandikia mara mbili kudai nusu ya nauli. Wamenijibu mara moja tu, wakiniomba niwape nyota tano.